Meza ya Chuma na Mama Aliyeshika Ncha ya Pili

Mpendwa Mama Sidi,

Salamu kwako, na kabla sijafika mbali, salamu kwako pia Kadzo, kwa kuwa najua wewe ndiye unayeshika karatasi hii na kumsomea wifi yako. Mama hajui kusoma na hajawahi kujifanya anajua, kwa hiyo barua kwake haiwezi kuwa ya siri. Nami sitaki iwe ya siri. Isome uani, kwa sauti, na kaka yake, Karisa, akiwa karibu, vizuri zaidi. Ukifika mahali pa kucheka, cheka, lakini usiruke mstari.

Mama, nimemaliza meza.

Ile meza ya kukata chuma tuliyoijenga pamoja hapa Garsen, ambayo majirani waliiita kitanda cha jini, sasa inafanya kazi. Nikiiambia ikate duara, inakata duara. Nikiiambia mraba, mraba. Nimeandika maneno hayo kisha nikaiweka kalamu chini kidogo, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka aione ni wewe, na wewe uko Marereni, unalala jikoni kwa kaka yako, eti kwa kuwa mimi si mkwe wako tena. Nataka urudi. Nimeona niliseme mapema ili Kadzo asipate taabu ya kubashiri ninakoelekea.

Ulikuja kwetu mafuriko yalipochukua shamba lako kule chini ya Idsowe. Migomba ilikwenda, mahindi yalikwenda, na nyumba ikabaki kuta mbili zinazotazamana. Sidi, mke wangu wakati huo, akaja kukuchukua. Nilikuwa na kile chumba cha nyuma nilichokijaza vyuma vyangu. Nikavihamishia uani, chini ya mabati, ukaingia wewe. Wateja wangu pale kinyozi walinicheka sana. Mmoja aliniuliza wembe ukiwa shavuni mwake, "Mama mkwe ndani ya boma lako? Komora, utaishi ukitazama ukuta."

Hakukosea sana. Kwetu Wapokomo pia mkwe huheshimiwa, lakini wewe Mgiriama wa zamani uliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Hutazami uso wa mume wa binti yako. Huli naye. Humpi kitu mkono kwa mkono, unakiweka chini naye anakiokota. Ukipita uani ulijitanda leso ukageukia ukutani. Mimi nikirudi kazini nilikohoa langoni kama mtu mwenye pumu, kisha nikazunguka nyuma ya choo ili nisikukute mlangoni. Boma la watu watatu, na wawili wanakwepana kutwa.

Meza wakati huo ilikuwa wazo tu. Nilikuwa nimeona kwenye simu mtu wa mbali akijenga moja nyumbani kwake: fremu ya chuma, juu yake daraja linalotembea mbele na nyuma, na kwenye daraja tochi inayopuliza hewa iliyopitishwa umeme mpaka ikawa moto mkali. Moto huo unapasua bamba la chuma kama mtu anavyopasua papai, na kompyuta ndiyo inayoiongoza tochi. Ukichora samaki, inakata samaki. Zinauzwa zikiwa tayari, lakini si kwa bei ya kinyozi. Nikasema nitaijenga mwenyewe. Sidi akaniuliza ya nini. Wengine hufuga njiwa, hakuna anayewauliza.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikuwa napigana na bomba la mraba lililonizidi urefu. Ncha moja nimeibana, ya pili inaning'inia. Nikiinua huku, kule kunashuka. Nikikimbilia kule, huku kumezunguka. Nikatoa neno ambalo simwombi Kadzo alisome. Mara bomba likatulia. Nikadhani limenasa kwenye kitu. Nilipotazama nikaona mikono miwili, nyuma ya mikono leso, na uso umegeuzwa kabisa kuelekea banda la kuku. Ulikuwa umeshika ncha ya pili. Nikachomelea haraka kabla hujabadili nia, na bomba liliposhika ukaondoka kwenda kuchambua kunde.

Siku iliyofuata ulirudi, na safari hii ulisema, ila hukuniambia mimi. Uliiambia meza.

"Wewe meza," ukasema, "mwambie huyo bwana mguu wako huu umekwenda upande."

Nikapima. Mguu ulikuwa umekwenda upande. Nikasema, "Meza, mwambie mama asante."

Basi ikawa ndiyo njia yetu. Meza ilibeba maneno mengi siku hizo. Iliniambia nile kabla sijashika umeme, iliniambia suruali yangu ina tundu nyuma, na mara moja iliniambia niache kumjibu Sidi kwa kifupi mbele ya wageni, jambo ambalo nililikubali kimoyomoyo ingawa meza niliionyesha nimekasirika. Si kila mara ilisema kweli. Ulishikilia kwamba tochi isielekezwe magharibi kwa kuwa chuma hakipendi, na mpaka leo sijui ulilitoa wapi hilo.

Kisha cheche ikadondoka kwenye leso yako ikatoboa. Nikaenda kukununulia kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima na kuwa na kioo cheusi mbele. Niliiweka chini, ukaiokota, ukaivaa. Kioo kile ni cheusi hata jua linaonekana kama sarafu. Mimi nami nilikuwa nimevaa yangu. Ukageuka ukanielekea moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanao, ukasema, "Hapa mkwe haonekani."

Nilicheka mpaka kioo kikapata ukungu. Tangu siku hiyo tulizivaa hata siku zisizo na kuchomelea. Majirani walikuwa wakipita nje ya ua wakiona watu wawili wameketi kwenye ndoo, vichwa vya chuma, wanajadili bei ya maharagwe. Vijana wa pikipiki wakaanza kusimama kututazama. Mmoja akapaza sauti, "Buda, hiyo mashine itakata nini, ugali?" Ukamjibu kutoka ndani ya kofia, "Itakata ulimi wako, mjukuu wangu." Akaondoka akicheka.

Ndani ya kofia zile ndimo nilimokujua. Ulinieleza jinsi wewe na marehemu mumeo mlivyotoka kusini mkiwa na panga moja na kuku watatu, mkafyeka pori mpaka likawa shamba. Ulinieleza kuwa mto haukukuliza, kilichokuliza ni kuona bati la nyumba yako limepigiliwa kwenye banda la mtu mwingine, naye hajui ni lako. Mimi nami nilikueleza nilivyochoka kuulizwa kuhusu mtoto. Miaka ilikuwa inapita, Sidi na mimi hatujajaliwa, na kila mtu aliyeketi kwenye kiti changu cha kunyolea alikuwa na dawa ya kunipendekezea. Wewe hukuwahi kuniuliza. Siku moja ulisema tu, "Wananiuliza mjukuu yuko wapi. Nawaambia kwa sasa nina meza." Nilishukuru kwamba kioo kilikuwa cheusi.

Lakini kofia ilituruhusu kuelekeana, haikuturuhusu kusimama pamoja. Wewe ulikuwa na upande wako wa meza na mimi wangu, na hakuna aliyevuka. Hapo ndipo tulipofanya lile kosa ambalo nina hakika halijawahi kufanywa na mtu mwingine yeyote anayejenga mashine hizi, popote duniani.

Daraja linatembea juu ya reli mbili, moja upande wako, moja upande wangu. Reli zilihitaji matundu ya kufungia, na matundu ya mwisho mmoja yanaingia ndani kidogo kuliko ya mwisho wa pili, tofauti ya upana wa kidole. Mimi nilikuwa nasoma vipimo kwa sauti. "Kutoka kushoto," nasema, na kutaja kipimo. Wewe unapiga alama ya chaki upande wako, mimi napiga upande wangu. "Kutoka kushoto," na kipimo kingine. Tulifanya kazi kwa raha kweli siku ile. Ulikuwa unaimba.

Tulifunga kalamu mahali pa tochi kwanza, tujaribu kwenye katoni. Nikaiagiza kompyuta ichore mraba. Ukatoka mraba uliolala ubavu. Nikarekebisha, ukalala tena. Nikalaumu mota. Nikalaumu mikanda. Wewe ukalaumu stima, ukisema umeme wa Garsen unakuja ukiwa umechoka. Nilifungua mashine nzima nikaifunga tena, nikaanza kuota miraba iliyolala.

Sidi ndiye aliyetuokoa. Alileta chai, na yeye ndiye mtu pekee katika boma lile aliyeweza kusimama upande wowote wa meza. Akazunguka polepole, akatazama reli yangu, akatazama yako. Akakuuliza, "Mama, kushoto kwako ni wapi?" Ukanyoosha mkono. Akanigeukia. "Na wewe Komora, kushoto kwako ni wapi?" Nikanyoosha wangu. Wako ulielekea chooni, wangu ulielekea langoni.

Mimi ni kinyozi, mama. Kutwa nzima niko mbele ya kioo, kushoto na kulia ndiyo kazi inayonilisha, na bado halikunijia akilini kwamba mtu aliyesimama ng'ambo ya meza ana kushoto kwake. Sidi aliketi chini akacheka hadi chai ikamwagika. Wewe ulivua kofia, ukasahau kwamba nipo, ukacheka ukiwa uso wazi, halafu ukakumbuka na kuirudisha haraka. Sikuona kitu. Nilikuwa nimejifunika uso kwa aibu. Matundu tuliyaziba kwa kuchomelea, tukatoboa upya.

Hiyo ndiyo picha yetu sote watatu ninayoipenda kuliko zote. Baada ya hapo Sidi alipata kazi Malindi. Kwanza alikuwa anarudi kila mwisho wa wiki, kisha mwisho wa mwezi, kisha akaja siku moja akaniketisha, akasema hawezi tena. Hakukuwa na matusi wala sahani kuvunjwa. Tulikuwa tumechoka kungoja mtoto, na kungoja kulikuwa kumekula vitu vyetu vingine polepole. Nililia mbele yake, naye akalia mbele yangu, tukasaidiana kupanga nguo zake kwenye begi. Sasa ameolewa huko na ana mtoto. Nilipoambiwa nilifurahi na nikaumia, vyote kwa wakati mmoja, na sioni haya kusema hivyo mbele ya Karisa.

Wazee wako na wazee wangu wakaketi hapa uani, wakaifungua ndoa kama ilivyofungwa, kwa maneno mazuri. Karisa, ulisema mwenyewe: kuanzia leo huyu si mkwe wetu, tumeachana kwa wema. Nilikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Sikujua kwamba ndani ya maneno hayo kulikuwa na lingine, kwamba jioni ile ile gari lingekuja kumchukua mama.

Ulitoka chumbani na kifurushi chako. Nilikuwa nimesimama karibu na meza, na kwa mazoea nikageuka niangalie banda la kuku. Hukupita. Ulisimama. Nikageuka, nikaona hukujitanda leso. Ulinitazama machoni, nami nikakutazama, kwa kuwa hakukuwa tena na desturi ya kutuzuia. Sikuwa najua una kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Sikuwa najua Sidi ametoa wapi macho yale. Ukaniita kwa jina langu, kitu ambacho hujawahi kufanya.

"Komora," ukasema, "zile skrubu za upande wangu sijazikaza vizuri. Zikaze."

Ukapanda gari.

Mama, nimefikiria jambo hili nikinyoa, nikila, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Tulipokuwa mtu na mkwe wake tuliishi boma moja na hatukuruhusiwa kutazamana. Sasa tunaruhusiwa kutazamana mpaka tuchoke, na haturuhusiwi kuishi boma moja. Nani aliyepanga hivi? Siitukani desturi. Desturi ile ilinipa heshima yako, na heshima yako nimeitegemea siku ambazo sikuwa na kitu kingine. Lakini desturi haikuwahi kufikiria meza. Haikujua kwamba watu wawili wanaweza kuanza kama wakwe na kuishia kama wenzi wa kazi, halafu ukwe ukatoka na kazi ikabaki.

Nilipokupigia simu ulijibu kwa sauti ya chini. Ulisema, "Mtu akiniona kwako atasema nini? Mama amemfuata mwanamume aliyeachana na binti yake?" Nikakuuliza unalala wapi. Ukasema hapa na pale. Nikakuuliza hapa na pale ni wapi, ukasema jikoni, lakini kuna joto zuri. Kadzo, sikulaumu. Najua nyumba yenu ni ya vyumba viwili na watoto wamejaa, na ulimpokea kwa moyo. Na kwa Sidi nako ni chumba kimoja cha kupanga, na mkwe mpya yumo ndani, ambaye itabidi mama amkwepe kwa upya. Kwa umri wake aanze tena kugeukia kuta za watu? Chumba chake hapa kiko vilevile. Nimekipiga lipu na kuinua sakafu, maji yakija yasimfikie. Hakuna chuma hata kimoja nilichokirudisha ndani.

Nilikasirika baada ya simu ile, sitaficha. Nilikaa nikaitazama meza iliyokuwa nusu nikataka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuja mpaka langoni na mizani yao. Nikawatazama walivyoipiga teke miguu yake kuona uzito, nikawaambia watoke. Siku hiyo niliamua mambo mawili: meza itaisha, na wewe utarudi. La kwanza lilikuwa mikononi mwangu, nikaanza nalo.

Nilikaza skrubu zako. Kweli zilikuwa hazijakazwa. Kisha mvua zikaja, na udongo wetu huu mweusi unavyovimba unajua mwenyewe, miguu ikapanda huku na kushuka kule mpaka daraja likawa linateleza lenyewe kama limelewa. Nikachimba, nikamwaga zege chini ya kila mguu. Kusawazisha ni kazi ya mpira wa maji: mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, maji yanaonyesha kama pande mbili ziko sawa. Niliifunga ncha yako kwenye nguzo, nikawa nakimbia kutazama huku, nakimbia kutazama kule, na kila nikifika maji yamecheza. Jirani alijitolea kunisaidia. Alikuwa akishika mpira huku anaongea na simu. Nikamshukuru, nikairudishia nguzo kazi yake.

Nikatengeneza beseni pana la kukaa chini ya bamba, nikalijaza maji ili yameze cheche na moshi. Nikatumia maji ya kisima, yale ya chumvi, na wiki haikuisha beseni likaanza kula kutu. Nikalimwaga, nikalipaka rangi, nikaanza kukusanya maji ya mvua. Tochi nayo ilikuwa ikiwashwa tu, kompyuta inapigwa na bumbuazi na kusimama, umeme wa moja unaisumbua nyingine. Nilibadilisha nyaya, nikazitenganisha, nikapigilia chuma kirefu ardhini cha kupeleka umeme unaopotea. Hapakuwa na mtu wa kuniambia kupitia meza kwamba sijala. Nilijiambia mwenyewe, kwa sauti yako, na majirani wakathibitisha yale waliyokuwa wakiyashuku siku nyingi kuhusu akili zangu.

Halafu juzi nikaweka bamba. Peke yangu, kwa kulisukuma juu ya magogo, maana bamba ni zito na linahitaji watu wawili. Nikavaa kofia, nikawasha. Tochi ikalia, ikatoboa, ikaanza kutembea, na nyuma yake mstari mwembamba unaong'aa, maji yanachemka chini. Ilizunguka ikarudi pale pale ilipoanzia. Kipande kikaanguka majini, kikafanya sauti ya samaki anayeruka. Nikakitoa. Nikapima pembe kwa pembe, halafu pembe nyingine kwa pembe nyingine. Sawa kabisa. Nikainua kichwa niangalie ng'ambo ya meza niseme kitu, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Watu wameshaanza kuja. Mmoja anataka mapambo ya geti, mwingine anataka jina la duka lake likatwe kwenye chuma ili upepo usilipeperushe. Nawaambia mimi ni kinyozi. Nitafanya kimojakimoja, kwa kupenda kwangu, siku za kupumzika. Naweza kumlipa mtu wa kuinua ncha ya pili, vibarua si haba. Sitaki. Mkono wa kukodi ninaupata popote. Nataka mtu ambaye akiona mguu umekwenda upande atasema.

Nilimpigia Sidi, kwa kuwa sikutaka kumzunguka. Nilimwambia nia yangu yote. Nikasikia mtoto akilia nyuma yake, kisha akasema, "Mama si begi langu, Komora, kwamba niliondoka nalo. Muulize mwenyewe." Akaongeza, "Na ukimchukua, umsikilize. Mimi sikumsikiliza vya kutosha." Basi kutoka kwake ruhusa nimeipata.

Umebaki wewe, na wazee, na midomo ya watu. Kuhusu midomo ya watu, mimi nimeishi kwenye kinyozi, najua hadithi haidumu zaidi ya kichwa kimoja kunyolewa. Kuhusu wazee, nimetafuta neno la kukuita ili uje bila mtu kunyoosha kidole. Mkwe limeisha. Jirani halitoshi. Rafiki, mwanamume wa umri wangu na mama wa umri wako, watacheka. Nimelizungusha mpaka nikagundua neno nililokuwa nakuita tangu siku ya kwanza kupitia meza ile halikuhitaji ndoa ya mtu yeyote. Mama yangu mzazi nilimzika Golbanti nikiwa bado nasoma. Nafasi yake haina mtu.

Kwa hiyo Karisa, sikiliza. Jumamosi hii nakuja Marereni. Nakuja na kaka yangu mkubwa Buya, tumevaa vizuri, mchana, kwa njia ya mbele ya nyumba. Tutabeba kadzama, kibuyu cha pombe ya mnazi cha kufungulia maneno, kama ilivyo kwenu, ingawa mimi mwenyewe situmii na Buya itabidi achungwe. Mtatukaribisha, mtatuuliza tumekuja kuomba nini, kama mnavyowauliza wanaume wote wanaokuja kuposa na kibuyu. Nami nitasimama niseme nimekuja kuomba mama. Mkicheka, nitangoja mmalize kucheka. Mkisema jambo hili halijawahi kufanywa, nitasema na meza ile haikuwahi kufanywa Garsen. Mkisema nirudi siku nyingine, nitarudi siku nyingine, na nyingine, mpaka mbwa wenu anizoee. Sina haraka, ila sitaacha.

Na wewe mama, najua utakuwa jikoni unajifanya unapepeta mchele. Utaitwa. Mnavyofanya kwenu, kibuyu hakiguswi kabla anayeombwa hajaletwa mbele ya watu na kuulizwa kwa sauti kama wazee wanywe au wasinywe, na neno lake ndilo la mwisho, hakuna kaka wala mjomba anayelivuka. Maisha yako yote umewaona wasichana wakiulizwa swali hilo. Jumamosi utaulizwa wewe.

Fikiri kuhusu jikoni. Fikiri kuhusu chumba chako. Fikiri kuhusu watu watakavyosema, ukipenda, lakini mwisho. Kisha, mama, ukiulizwa, sema wanywe.

Ni mimi, niliyekuwa mkwe wako, ninayeomba kuwa mwanao,

Komora